Waya wa Kioo kwa Nyumba Yenye Magurudumu

Uwanja wa trela wa Llano Viejo,
New Mexico
8 Juni

Shangazi Eufelia, naomba baraka yako.

Natumaini umefika mnarani salama, na kwamba nyumbu wa Bwana Amos, wanaokupandishia mizigo, hawataitafuna barua hii kama walivyoitafuna ile ya mwaka jana, ukanijibu nusu tu ya mambo niliyoandika. Baba hajambo. Amebabuka shingo kwa jua kwa sababu kofia ya kazini haina ukingo nyuma, naye hataki kuvaa kitambaa. Anasema mafundi wenzake watamwita bibi harusi. Mimi pia sijambo. Nimeota chunusi moja kubwa, na nimesoma vitabu vyote vilivyomo kwenye chumba cha kufulia nguo, hata kile cha kufuga nyuki.

Mitambo ya umeme wa upepo ambayo Baba na wenzake bado hawajaisimika huku ni mingi, kwa hiyo tutakaa hapa hadi majira ya baridi yapite. Tangu Mama atutoke hatujawahi kukaa mahali mpaka nikajua jina la mbwa wa jirani. Huyu anaitwa Kanali. Ni wa Bwana Garland, mzee wa trela ya pili kutoka yetu. Yeye na mkewe waliuza nyumba zamani, wanaishi ndani ya trela kama sisi, na hawana mpango wa kununua nyingine.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kwamba tangu tuanze kufuata mitambo nasoma kwa kompyuta, shule ileile ya Española, asubuhi Kihispania na mchana Kiingereza. Mwalimu Ortencia amemwandikia Baba. Anasema naandika vizuri kwa lugha zote mbili, lakini tangu Januari hakuna aliyeisikia sauti yangu. Mwisho wa Septemba kuna mtihani wa kusema, moja kwa moja, mbele ya walimu watatu. Nisipoufanya sitaruhusiwa tena kusoma kwa mbali. Itabidi nirudi Española, yaani nyumbani kwako ukishuka mlimani, maana hatuna mtu mwingine huko, na Baba abaki peke yake na trela.

Baba anaamini kosa ni la mtandao. Kweli mtandao wa hapa ni mbovu. Unashikwa kwa simu, na upepo ukivuma tu unapotea, na picha yangu inakwama mbele ya darasa. Lakini nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Mara nyingi picha haijakwama. Ni mimi. Mwalimu akitaja jina langu naacha kupumua. Sipepesi macho. Nimejifunza kuacha mdomo wazi kidogo, kwa sababu picha ikikwama kweli huwa inakunasa ukiwa na sura mbaya. Mwalimu anasema, "Orlinda amekwama tena, maskini, upepo huo," kisha anamwita mwingine. Naweza kukaa hivyo muda mrefu sana. Siku moja nzi alitua puani nikashindwa, ila kwa bahati walikuwa wameshanisahau.

Baba amekata shauri tuvute intaneti ya waya. Ushirika wa simu unapitisha faiba, ule waya mpya wa intaneti, kando ya barabara yetu. Anasema, "Nikikupata waya, mwanangu, utaongea mpaka wachoke." Nikamwitikia kwa kichwa.

Nina swali moja. Ungependa nije kukaa kwako? Sema kweli.

Mpwa wako,
Orlinda


Mnara wa Mlima Nungunungu,
Idaho
23 Juni

Orlinda, Mungu akubariki na akulinde, na hiyo chunusi usiiguse.

Barua yako imefika nzima, imenyooka, ina harufu ya nyumbu tu. Mwambie kaka yangu avae kitambaa. Akiitwa bibi harusi, aulize bwana harusi ni nani kati yao, watanyamaza.

Huku theluji imebaki kwenye mabonde. Kazi yangu ni ileile: chumba kimoja juu ya nguzo, vioo pande zote nne, na mimi katikati natafuta moshi. Juzi radi ilinikuta. Sijui kama nimewahi kukueleza tunachofanya. Kuna kigoda cha mbao ambacho kila mguu wake umevalishwa kikombe cha kioo kizito. Radi ikikaribia unapanda juu yake, unakunja miguu, hugusi kitu. Umeme hauwezi kupita kwenye kioo, basi ukiupiga mnara unashukia kwenye nyaya za nje na kukuacha wewe. Nilikaa pale kama kuku anayeatamia. Jiko la chuma likaanza kuvuma lenyewe. Nywele za mikono zikasimama. Kisha mlima wote ukawa mweupe, na kwa mara ya kwanza nikaona kila mti mmojammoja, hadi upande wa pili wa mto, kama vile mtu ameihesabu na kuniambia, haya, ndiyo yote. Nimefanya kazi hii tangu baba yako hana ndevu, na bado radi ikishapita nakaa juu ya kigoda kitambo kabla ya kushuka. Si hofu. Au hofu si neno lake lote.

Nawaza juu ya msichana anayejifanya picha. Nimecheka, halafu nikaacha kucheka.

Kuhusu hilo swali lako la mwisho, Amos anafunga mizigo na nyumbu hawapendi kusubiri.

Shangazi yako,
Eufelia


Llano Viejo
10 Julai

Shangazi, naomba baraka yako, na safari hii nitakuuliza mwanzoni ili nyumbu wasipate sababu: ungependa nije au hutaki?

Baba anavaa kitambaa. Yule mwenzake mkubwa alimwita bibi harusi, Baba akauliza kama ulivyosema, sasa yule mwenzake ndiye anayeitwa bwana harusi na hapendi hata kidogo. Pia tumepata mvua, na jenereta ya Bwana Garland imeungua, kwa hiyo mkewe anapika kwetu. Anatia sukari kwenye maharagwe. Tunakula.

Habari za waya ni mbaya, halafu si mbaya. Ushirika walimwomba Baba anwani. Unajua sisi anwani yetu iko South Dakota, kama ya nusu ya watu wa uwanja huu: sanduku la barua kwenye ofisi inayopokea vifurushi vya watu wenye magurudumu. Tulilala kule usiku mmoja katika hoteli, tukaonyesha risiti, tukawa wenyeji. Basi yule mtu wa simu akasema, "Nyumba yenu iko South Dakota, bwana. Waombeni wa huko wawavutie."

Baba akasema, "Nyumba yangu iko hapa. Naiegemea sasa hivi."

"Ina magurudumu?"

"Manne."

"Hiyo si nyumba, ni gari. Hatuvuti waya kwenye gari."

Baba alikata simu akaenda kuosha pikapu iliyokuwa safi. Bwana Garland akaja akampeleka kwenye uzio wa lango, nami nikafuata. Nadhani sijakwambia juu ya uzio huo. Wakazi wa hapa wana desturi: ukiondoa trela ukasahau kitu, ukakikokota au ukaking'oa, lazima ukitundike pale kwa jina lako. Umejaa. Kuna mipira ya maji, nyaya za umeme, ngazi, antena, hata kamba ya nguo yenye soksi moja. Bwana Garland ana vitu vitatu. Akamwambia Baba, "Delfino, tazama. Hao wote wangekwambia wao si watu wa kufungwa na waya. Ukitaka waya, mwombe yule mwanamke wa gari jeupe, si mtu wa simu."

Mwanamke wa gari jeupe ni Leota, fundi wa faiba. Alikuwa anachimba kando ya barabara. Ni mnene, mcheshi, anazungumza na koleo lake. Baba alipomweleza alicheka hadi akaketi.

"Sikiliza, bwana," akasema. "Gari siwezi. Nguzo naweza. Chimbia nguzo kando ya trela, uombe wilaya iipe namba ya nyumba. Nguzo haina magurudumu. Nitaleta waya kwenye nguzo, na kutoka kwenye nguzo hadi ndani ni kama waya wa pasi, unachomeka na kuchomoa."

"Kwa hiyo nitakuwa na nguzo yenye anwani?"

"Na wewe utakuwa mpangaji wake."

Kisha akanigeukia mimi. "Na huyu mrembo ndiye anayetaka intaneti?" Nikatazama viatu vyangu. Baba akajibu kwa niaba yangu, kama kawaida. "Mtandao ukitulia utamsikia," akasema.

Baba na Bwana Garland wameshachimbia nguzo, ya mwerezi, na Baba ameipaka mafuta. Jioni anasimama anaitazama. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona akichimbia kitu ardhini.

Orlinda


Mlima Nungunungu
26 Julai

Orlinda mwanangu, baraka zangu zikufikie hapo penye nguzo.

Mwambie kaka yangu ashindilie mawe kuzunguka ile nguzo, si udongo tu. Upepo wa huko naujua. Mwambie pia mke wa Garland kwamba maharagwe hutiwa pilipili. Mwambie kwa adabu.

Jana nimeona moshi wa kwanza wa mwaka, uzi mmoja wa kijivu umesimama wima kwenye msitu wa mbali. Niliita kwa redio, wakatuma watu, ukazimwa mchana huohuo. Uzi mwembamba vile, na chini yake mti mzima unaungua.

Redio imenikumbusha kitu. Kila asubuhi walinzi wote wa minara huitwa mmojammoja, na kila mmoja hujibu jina la mnara wake na kusema ni salama. Majira yangu ya kwanza sikujibu. Niliposikia "Nungunungu" nilikaa nimekishika kile kidude cha kusemea bila kukibonyeza. Nilikuwa nimetoka nyumbani ambako kaka zangu wanne walisema kwa ajili yangu. Walipomtuma mtu apande kuniuliza nikasema betri zimekufa. Wakamtuma Amos, alikuwa kijana bado, na sanduku zima la betri mpya. Alipanda siku nzima. Alipofika nyumbu wake alikuwa amekanyaga bustani yangu ya kitunguu, nikatoka kwenye roshani nikamtukana kwa Kihispania na Kiingereza. Akasikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia. "Bibi," akasema, "hizi betri niziweke wapi? Maana naona wewe huzihitaji."

Sikwambii hili ili likufundishe kitu. Nimekumbuka tu.

Naona umeuliza swali lako mwanzoni mwa barua. Umekuwa mjanja. Nitalijibu nikipata karatasi kubwa zaidi.

Eufelia


Llano Viejo
14 Agosti

Shangazi, naomba baraka yako. Karatasi nakutumia humu ndani, kubwa, kumi.

Baba anakusalimu, ameshindilia mawe. Wiki hii wameanza kuchoma pilipili za kijani barabarani na uwanja mzima unanukia. Hata mke wa Garland amenunua gunia, na tunamtazama kwa matumaini.

Wilaya iliipa nguzo namba, na waya umefika. Sijui nianze wapi. Leota aliniita nishike tochi. Faiba kwa nje ni ya manjano, nene kidogo kuliko kamba ya kiatu. Akaimenya. Ndani kuna nyuzi, na ndani ya uzi kuna kitu ambacho nilikitafuta kwa macho nikakikosa, mpaka alipokigeuza kwenye jua. Ni kioo, Shangazi. Unywele wa kioo, mwembamba kuliko wangu. Unajipinda. Nilidhani kioo hakipindiki.

"Humo hamna umeme," akasema. "Ni mwanga tu. Unaingia upande mmoja wa nchi, unadundadunda kwenye kuta zake, unatokea upande mwingine bado ni mwanga." Akasema inapita chini ya barabara, chini ya mashamba ya mtama, chini ya mto, hadi mjini, na toka mjini hadi kila mahali, ni kioo kitupu. Nimetembea juu yake tangu tufike hapa na miguu haikusikia chochote. Nikakufikiria wewe kwenye kigoda chako. Chako kinazuia umeme usipite, changu kinapitisha mwanga, na vyote ni kitu kilekile tunachonywea maji.

Nilitaka kumwambia Leota habari za kigoda. Niliipanga sentensi yote kichwani. Akafunga sanduku lake akaondoka kabla sijaifikisha mdomoni.

Darasa limeanza Jumatatu. Nilifungua kompyuta, na kwa mara ya kwanza nikamwona Mwalimu Ortencia kweli. Ana mvi. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Niliona pumzi yake ikiupulizia mvuke wa kahawa. Alikuwa karibu kama wewe unaponisuka. Halafu akasema, "Orlinda, karibu tena, tueleze likizo yako."

Nikakwama. Ndivyo mwili wangu ulivyozoea. Mdomo wazi kidogo, macho mbele. Darasa likangoja. Mwalimu akakaribia kioo, akatazama, akasema polepole, bila kunicheka, "Orlinda, pazia lako linacheza."

Nyuma yangu upepo ulikuwa unalichezesha pazia la jikoni. Na Kanali akapita, akajikuna, akatoka.

Nilifunga kompyuta. Baba aliporudi akauliza, "Vipi waya?" Nikasema ni mzuri sana, na hiyo ni kweli tupu. Alifurahi hadi akaenda kuigonga nguzo kama mtu anayempongeza farasi.

Hakuna tena cha kukwama, Shangazi. Nimebaki mimi tu.

Orlinda


Llano Viejo
2 Septemba

Shangazi, naomba baraka yako.

Jibu lako bado halijafika lakini nakuandikia. Sote wazima. Ijumaa mchana mawingu yalikuja ya kijani na redio ikasema mvua ya mawe makubwa, tuondoe trela tuzipeleke kwenye banda la nafaka la mkulima wa jirani. Kila mtu alikuwa anakimbia. Bwana Garland alikuwa wa kwanza, na mara hii hakusahau kitu, ila mkewe, ambaye alilazimika kuja kwa miguu. Tulifika chini ya banda yale mawe yakaanza. Mengine yalikuwa kama mayai ya bata. Yalipiga bati kwa kishindo ambacho ulikihisi kwenye meno. Uwanja ulikuwa mweupe wote, na jua lilipotoka kila kitu kikawaka, kikafuka mvuke. Watu wazima walitoka bandani wakasimama tu. Nilifikiri huenda ndivyo unavyoona wewe kila wiki.

Trela haikupata hata mkwaruzo. Waya wa kioo ulikatika. Baba alisahau kuuchomoa wakati wa kuondoka, ukavutwa hadi ukang'oka, si kwenye kichomeo tu bali chini, kwenye nguzo. Amesikitika sana. Ameutundika kwenye uzio kwa jina lake. Leota ana kazi nyingi kwa sababu ya dhoruba, haijulikani atakuja lini. Mtihani ni tarehe ishirini na sita.

Ndiyo hayo.

Orlinda


Mlima Nungunungu
13 Septemba

Orlinda, Mungu akubariki.

Nimepata barua zako mbili pamoja na karatasi kumi. Sina habari nyingi za familia, familia yote iliyobaki ni wewe na baba yako. Asubuhi kuna barafu kwenye ndoo. Swala wanashuka bondeni. Mimi pia nitashuka karibuni.

Nimeisoma barua ya mvua ya mawe zaidi ya mara moja. Umeniambia ukubwa wa mawe, rangi ya mawingu na alichosahau Garland. Hukuniambia nani alizunguka trela kabla haijaondoka. Najua nyumba yenu. Mama yako ndiye aliyekuwa akizunguka, akikagua kila waya na kila mpira, na akimaliza anapaza sauti "Twende!" hadi ng'ombe wa jirani wanainua vichwa. Baada yake ukawa wewe, na wewe hupazi sauti, unagonga ubavu mara mbili. Baba yako hatoi mguu kwenye breki kabla hujagonga.

Sikuulizi. Badala yake nitajibu lile lako.

Ndiyo. Nataka uje. Mwezi wa Aprili, kabla sijapanda huku, nilipaka rangi kile chumba cha nyuma nyumbani kwangu Española. Ya njano. Nilinunua kitanda, na taa yenye shingo ndefu ya kusomea. Wakati huo mwalimu wako alikuwa hajaandika chochote. Mimi ndiye niliyemwambia kaka yangu kwenye simu kwamba trela si mahali pa msichana, anipe wewe. Alikataa, tukaachana kwa maneno mafupi. Ulipoandika Juni kwamba huenda ukashindwa, nyumbu hawakuwa na haraka yoyote. Amos alikunywa kahawa vikombe viwili. Mimi ndiye sikuweza kuandika kuwa nimefurahi.

Nimeishi na watu wachache kwa kupenda kwangu na sijutii. Lakini nikishuka Oktoba ile nyumba huwa kimya kwa namna isiyo ya mlima. Ndivyo ilivyo. Sasa unajua mtu mmoja anayenufaika ukinyamaza, na anakuomba usimnufaishe hivyo. Ukija, uje kwa sababu umesema unakuja.

Barua hii nimemwambia Amos asiitie kwenye mfuko wa nyumbu. Aibebe kifuani.

Shangazi yako,
Eufelia


Llano Viejo
28 Septemba

Shangazi Eufelia, naomba baraka yako, na hii naituma nyumbani kwako ikungoje.

Baba hajambo, anakusalimu, na safari hii anasema nikuandikie kwamba anakusalimu kweli. Kanali amekula kofia ya Bwana Garland. Maharagwe yametiwa pilipili.

Nilizunguka mimi. Nilikagua mpira wa maji, waya wa umeme, bomba la maji machafu, jeki, ngazi. Nikafika upande wa nguzo. Niliuona. Ulikuwa wa manjano kabisa juu ya changarawe, haiwezekani usiuone. Nilikuwa na muda wa kuinama. Nikafikiria tarehe ishirini na sita, nikafikiria pazia. Nikagonga mara mbili.

Haukutoa sauti ulipokatika. Ndicho kilichonitisha. Kitu kilichofika hadi miisho ya nchi kilikufa kimya kama unywele.

Barua yako ilinikuta Jumamosi. Nilikwenda kwenye uzio. Baba ameandika DELFINO ARCHULETA kwa herufi kubwa, na wapita njia wote humpiga bega na kumtania, naye anacheka, anajiita mpumbavu wa mwaka. Nilirudi nikamkuta anatengeneza kiti. Nikasimama. Akasema, "Nini?" Nikasema, "Niliuona."

"Uliona nini?"

"Waya. Niliuona nikagonga."

Akaweka bisibisi chini. Nilidhani atafoka. Akauliza tu, "Kwa nini?" na mimi nikamwambia, Shangazi, kwa mdomo, yote, tangu Januari, na yule nzi puani. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo tangu mazishi. Alipocheka kwa habari ya nzi alikuwa analia pia. Akasema, "Kumbe mtandao ulikuwa mzima." Nikasema mara nyingine ulikuwa mbovu kweli. Akasema, "Usiutetee." Kisha akanipa kalamu. Nilikwenda kwenye uzio nikafuta jina lake nikaandika langu, na Bwana Garland akaja akanipa mkono rasmi kama mtu aliyejiunga na jeshi. "Karibu," akasema. "Sasa wewe ni mwenyeji."

Leota alikuja Jumatano. Alisikia, maana uwanja mzima umesikia, akasema, "Basi wewe ndiye utakayefanya kazi." Akachomeka taa ndogo nyekundu kule kwenye sanduku la barabarani, tukafukua chini ya nguzo, na pale waya ulipokatikia, mchana kweupe, changarawe ilikuwa inang'aa nyekundu. Mwanga ulikuwa umefika hadi penye kosa langu ukasimama hapohapo, unangoja. Nikapiga magoti. Sikuweza kufanya kingine.

Akanionyesha mashine yake. Unaweka ncha mbili za kioo zitazamane, na kwenye kidirisha chake zinaonekana kubwa kama mabomba mawili. Zinajisogeza zenyewe, zinatafutana, zinanyooka. Inapigwa cheche moja, radi ndogo kuliko punje ya mchanga, na zinakuwa moja. "Haya niambie zilipoungana," akasema. Nikatafuta. Hapakuwa na mahali. Ndipo nikamwambia habari za kigoda chako. Alinisikiliza akiwa ameshika kioo mkononi. Akasema, "Kumbe unaongea," kisha akamwambia koleo lake, "Umesikia? Anaongea."

Siku ya mtihani Baba hakwenda kazini. Alikaa nje juu ya ndoo, kando ya nguzo, akiulinda waya dhidi ya Kanali. Nilimwona kupitia dirishani, na kitambaa chake shingoni. Walimu watatu wakatokea, wazi kabisa, nikaweza kuhesabu vifungo. Mwalimu Ortencia akasema nieleze, kwa Kihispania kisha kwa Kiingereza, kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Nikajua nitakachosema. Nikafungua mdomo. Na mwili wangu ukafanya ulivyozoea.

Nyuma yangu pazia lilikuwa linacheza. Walimu wawili wakatazamana. Mwalimu Ortencia hakutazama pazia. Akasema, kwa upole ambao sitausahau, "Nadhani picha ya Orlinda imekwama. Tunaweza kuahirisha, kama mtandao ni mbovu."

Alikuwa ananipa mlango. Ningeweza kutokea hapo.

Nikasema, "Haijakwama, Mwalimu. Ni mimi."

Sauti ilitoka kama ya chura. Lakini ilipita kwenye kioo, chini ya barabara na mashamba na mto, na nikaona nyuso zao tatu zikiipokea, palepale, bila kuchelewa. Nikaanza na ule mwanga mwekundu kwenye changarawe.

Wamenipitisha. Nabaki na Baba na trela, hadi mitambo iishe na popote itakapokwenda tena. Chumba cha njano usikipake rangi nyingine. Kazi ikisimama wakati wa Krismasi tutakuja. Nasema nakuja, kama ulivyotaka niseme. Tuachie nafasi uani, urefu wa trela na kidogo zaidi. Siku ya kuondoka hapa nitazunguka mimi, nitauchomoa waya kwa mikono yangu, na sitagonga ubavu. Baba anasema Llano Viejo hadi Española ni mbali, lakini kwa jinsi nitakavyopaza sauti, anafikiri utasikia.

Mpwa wako,
Orlinda